Mguu wa Kulia wa Mbayuwayu

6 Februari

Wifi,

Salamu baadaye. Mguu wa kulia umeng'oka tena.

Usiniulize mguu wa ndege gani, maana tunayo moja tu. Jumapili niliirusha Mbayuwayu kwa rimoti mbele ya klabu nzima, ikapaa vizuri mpaka nikataka kukusifu, nikajizuia. Nikaizungusha, nikaishusha, magurudumu yakagusa lami, na papo hapo mguu ukachomoka pamoja na kile kibao ulichoukazia ndani ya bawa. Ndege ikalala ubavu, ikajiburuta mpaka kwenye nyasi, rangi yote ya tumbo ikabaki barabarani. Nimekiangalia hicho kibao. Gundi umeipaka kama mtu anayepaka siagi ya kuazima.

Filimbi hakukawia. Nadhani hujamsahau mwenyekiti wetu, yule mwongoza ndege mstaafu ambaye hata kwenye harusi huja na filimbi yake shingoni. Aliipuliza, uwanja ukanyamaza, akasema kwa sauti ili hata wauza soda wasikie: "Fundi wa Meno, hii ni mara ya tatu. Ikivunjika tena kwenye uwanja wangu naifuta, na haitarushwa hapa mpaka kiama." Unajua uwanja mwingine wa jeti hatuna. Kanipa nafasi moja, Siku ya Wageni, mwisho wa Mei.

Basi niambie nifanye nini. Ningekupigia simu, lakini huko mlimani mnapima upepo wa dunia nzima na mtandao hamna. Barua hii nampa dereva wa lori la mahitaji. Mumeo kinyozi hajambo, anakula kama kawaida yake.

Wifi yako wa mjini,
mwenye rimoti


20 Februari

Wifi,

Barua yako imefika ikiwa na harufu ya vitunguu vya lorini, na maneno yako nayo yamenitoa machozi vilevile.

Gundi yangu haina tatizo. Tatizo ni kwamba wewe hutui, unaangusha. Nimekuona kwa macho yangu ukiishusha jeti kama mtu anayetua gunia la viazi kichwani. Lakini yaliyopita yamepita, sikiliza.

Toa kibao cha zamani chote, usibakize hata kipande. Kata kingine cha plaiwudi, saizi ileile. Kibandike kwa gundi ya epoksi, uweke vipembe vya mbao kwenye kona zake, kisha juu laza kitambaa cha nyuzi za kioo, tabaka moja. Moja, wifi. Nakujua.

Na usinifanyie mzaha na hii ndege. Tangu niolewe na mdogo wako, mimi na wewe tumegombania kila kitu: jina la paka, nani akae mbele kwenye gari, yale mapazia ya sebuleni, eti yangu ya buluu yanatia giza na yako ya kijani ndiyo ya watu wastaarabu. Mbayuwayu ndiyo kitu cha kwanza tulichokifanya pamoja tukamaliza tukiwa tunaongea. Mimi nimejenga, wewe unarusha. Filimbi akiifuta, tutabaki na nini? Tutabaki na mapazia.

Wifi yako wa mlimani


14 Machi

Wifi,

Nimefanya kama ulivyosema, neno kwa neno.

Nikaenda kuijaribu katikati ya wiki, uwanja mtupu, shahidi wangu kinyozi wako peke yake na mwavuli wake. Nimetua vizuri, hata yeye alipiga makofi. Mguu haukung'oka. Kibao hakikutikisika. Nikasema, kumbe huyu mwanamke akitaka anajua kazi.

Kisha nikafungua tumbo. Ule ukuta wa ndani, unaoshika bawa la kulia na kiwiliwili, umepasuka kutoka juu hadi chini. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeziba ufa, na ukuta bado najenga!

Kwa hiyo si kutua kwangu. Nasubiri uombe radhi.

Wifi yako wa mjini


28 Machi

Wifi,

Radhi utaisubiri sana.

Kibao kikishika na ukuta ukapasuka, maana yake ni moja: pigo lilikuwa kubwa, limeshindwa kutokea kwenye kibao likatafuta mlango mwingine. Na pigo kubwa linatokana na kushuka kwa kasi. Nakuuliza kwa upendo: unaiona lami vizuri? Kazi yako ni kuchonga meno madogomadogo mchana kutwa, na umri hauna adabu. Nenda kapime macho.

Ukuta uzibe hivi. Gundisha ufa, ubane usiku mzima kwa vibanio vya nguo, kisha pandisha ukanda mmoja wa nyuzi za kaboni kutoka chini hadi juu. Usiongeze kitu kingine. Kila unachoongeza, injini lazima ikibebe.

Huku baridi inauma mpaka kwenye fizi. Nikimaliza kusoma vipimo jioni, nachora miguu ya ndege pembeni ya gazeti la zamani. Mpishi wetu anadhani nachora kuku.

Wifi yako wa mlimani


11 Aprili

Wifi,

Macho nimepima. Daktari ameniambia ningeweza kuhesabu manyoya ya ndege akiwa angani, na nimemwomba aniandikie cheti, nimekuwekea humu. Kibandike ukutani kwako.

Sasa habari yenyewe. Ukuta nimeuziba kama ulivyosema. Nimerusha tena, tena uwanja ukiwa mtupu. Kibao kizima. Ukuta mzima. Ila boriti ya bawa, ule mti mrefu unaolipitia kutoka ubavuni hadi nchani, imelia kwacha ilipogusa chini, nami nikaisikia nikiwa nimesimama mbali. Imepata ufa karibu na shina.

Na si hilo tu. Haipai kama zamani, wifi. Inakula barabara yote kabla ya kuinuka, ikiinuka inanguruma kama mtu aliyebebeshwa kabati. Nikiipunguzia kasi wakati wa kutua, inataka kuanguka, kwa hiyo lazima niilete mbio. Hapo ulisema kweli, inashuka kwa kasi. Lakini si mimi ninayependa.

Nimeifunika shuka. Jana kijana mmoja wa klabu alipita kwenye karakana ya meno akaniuliza, "Mama, ile jeti yako bado inahudhuria kliniki?" Wenzangu wakacheka, mimi nikacheka nao, kisha nikaenda chooni nikalia. Simwambii mtu mwingine haya. Labda Filimbi ana haki yake. Labda sisi ni watu wa mapazia tu.

Wifi yako


18 Aprili

Mke wangu mpenzi,

Nakuandikia nikiwa kinyozini, mteja nimemfunika kitambaa na kichwa chake nimekinyoa nusu. Ameniruhusu. Nilimwambia ni suala la ndoa.

Nisamehe. Ule ukuta wa ndani, dada alipoumaliza akaenda kazini, mimi nilifungua tumbo nikaongeza tabaka mbili za kitambaa na gundi ya kutosha. Nilitaka uwe imara, mwache kuandikiana maneno makali. Na wakati naongeza nikaona kibao: umesema tabaka moja, dada ameweka tatu! Ameziremba juu kwa rangi zisionekane, lakini mimi kazi yangu ni kuangalia nywele zilizopita kipimo, hazinipiti.

Jana nikaitoa Mbayuwayu shukani nikaipeleka kwa muuza nyama wa hapa mtaani, tukaiweka kwenye mizani yake. Mke wangu, imezidi kilo nzima kuliko siku ulipoimaliza! Muuza nyama akaniuliza kama ina mfupa.

Nawaogopa nyote wawili, lakini zaidi nawaogopa mkinyamaziana. Dada hajui kama nimekuandikia. Tafadhali usianze na kufoka.

Mumeo


2 Mei

Wifi,

Nimefoka, nimemaliza, sasa nacheka. Nimecheka mpaka mpishi ameniletea maji.

Mdogo wako ameniandikia, ametusema wote. Wewe kwenye kibao umeweka tatu, na ukaniandikia "neno kwa neno" bila hata haya. Yeye kwenye ukuta kaongeza zake mbili. Na mimi? Usinicheke. Wiki moja kabla sijapanda huku, wewe ukiwa kazini, nilifungua shina la bawa nikalijaza tabaka nne, kwa sababu nilijisemea: huyu wifi anavyotua, nikiondoka tu ataivunja.

Yaani watu watatu, kila mmoja anaongeza kwa siri kwa sababu hamwamini mwenzake. Tumeinenepesha ndege ya watu mpaka imekuwa nzito, nzito ikawa na kasi, kasi ikawa pigo, na kila tulipotia nguvu pigo likahamia pa jirani. Hukuwa unaangusha, wifi. Radhi uliyoisubiri ndiyo hii, nimeiandika kwa wino, itunze, hutapata ya pili mwaka huu.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Toa hiyo shuka. Bandua kila kitu tulichoongeza, wote watatu, mpaka uone mbao. Kisha kibao kipya kiwe kirefu, kishike mbavu mbili badala ya moja, na kutoka hapo pitisha ukanda mwembamba wa kaboni hadi kwenye boriti, pigo ligawanyike. Hapo nina uhakika.

Nisipokuwa na uhakika ni hapa: tukilipata shimo barabarani, au upepo wa ubavu, kitu lazima kikatike. Kipi? Nimechora, nimefuta, sijui. Wewe watu wanakuletea meno bandia yaliyovunjika kila siku. Unayafanyaje?

Na jambo moja la kazi yangu: mwisho wa Mei, mchana, upepo wa huko chini hugeuka na kuja ubavuni mwa barabara yenu. Omba kurusha asubuhi.

Wifi yako wa mlimani


16 Mei

Wifi,

Radhi nimeipokea. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, na kinyozi wako akiwa amesimama.

Nimebandua. Nimetumia kikausha nywele cha kinyozini, kisu cha kuchongea meno na msasa mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Ile ndege ilikuwa kitunguu! Kila nikifika mwisho nakuta kuna mtu mwingine alipita. Tabaka zangu zilikuwa za ovyo kuliko zenu, nakiri, zilikuwa na mapovu. Muuza nyama amepima tena: imerudi uzito wake wa ujana. Kisha ufa wa boriti nimeuziba, na kibao kirefu na ukanda wako wa kaboni nimeviweka, safari hii neno kwa neno kweli.

Sasa kuhusu meno. Kuna mzee mmoja, mteja wangu, anatafuna mifupa kwa meno bandia, hakataziki. Zamani kila mwezi aliniletea sahani ya meno imepasuka katikati, na hiyo ni kazi ya siku nzima. Nikaongeza unene, akashindwa kuongea. Mwishowe nikaacha sahani nyembamba yenye waya mahali inapojipinda tu, na meno ya mbele nikayakalisha kwa kiasi. Sasa akikutana na mfupa mkaidi, linatoka jino moja. Analitia mfukoni, anakuja, nalirudisha akiwa bado anasimulia habari za wajukuu.

Kwa hiyo, wifi, usitafute cha kuzuia. Tuchague jino. Mguu wetu umekazwa na boliti mbili za chuma, na chuma hakikubali kukatika, kinang'oa nyumba nzima. Nimeziondoa. Nimeweka boliti za nailoni. Kutua kwa kawaida zinahimili, nimejaribu mara moja na zimehimili. Pigo likizidi, zinakatika zenyewe na mguu unaondoka peke yake, bawa linabaki zima. Mfukoni ninazo nyingine.

Jibu lako halitanifikia kabla ya Siku ya Wageni. Kwa hiyo hili ni la kwetu sote: likiharibika nalibeba mimi, likifaulu tunagawana. Filimbi amekataa kunipa asubuhi. Ratiba imeshachapwa, ninarusha mchana.

Wifi yako wa mjini


31 Mei

WIFI!

Kaa kwanza. Umekaa? Mwambie mpishi naye akae.

Uwanja ulijaa hadi kwenye uzio. Ilipofika zamu yangu, upepo ukageuka kama ulivyosema, saa ileile, kile kitambaa cha kuonyeshea upepo kikasimama ubavuni mwa barabara. Wanaume wawili waliokuwa mbele yangu wakafunga jeti zao kwenye masanduku. Filimbi akaniambia kwa upole kabisa, "Fundi wa Meno, hakuna atakayekucheka ukiahirisha." Nikamwambia, "Mwenyekiti, wamenicheka tangu Februari, nimezoea."

Nikawasha. Wifi, ilipaa! Haikuomba barabara, haikulalamika, iliruka kama mtu aliyetua kabati mgongoni. Nikaizungusha kulia, nikaipindua, nikaipitisha chini mbele ya watu mpaka kofia zikashikwa. Kinyozi wako alikuwa anapiga kelele "hiyo ya mke wangu! hiyo ya mke wangu!" kwa watu ambao hawakumuuliza.

Kisha kutua. Nikaileta polepole, maana sasa inakubali polepole. Gurudumu la kushoto likagusa. Upepo ukaisukuma, na gurudumu la kulia likaingia palepale lami ilipobomoka. Nikasikia tak! Mguu wa kulia ukaruka hewani, kila mtu akauona ukizunguka. Ndege ikalala taratibu kwenye ncha ya bawa, ikateleza, ikasimama katikati ya barabara.

Umati ukasema "aaah" ile ya msibani. Filimbi ikalia. Mwenyekiti akaja anatembea, uso umeinama, kalamu mkononi ya kunifuta. Kinyozi wako akafumba macho.

Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti. Nikaigeuza Mbayuwayu tumbo juu. Kibao kizima. Ukuta mzima. Boriti nimeipinda kwa mikono yangu miwili mbele ya Filimbi, haikulia hata kidogo. Nikauokota mguu, nikausukuma mahali pake, nikatoa boliti mbili mfukoni, nikakaza. Hata jasho halikunitoka. Filimbi amesimama juu yangu anasema, "Samahani, mama, sheria ni sheria, imevunjika." Nikamwambia, "Mwenyekiti, umesema ikivunjika. Hii haikuvunjika, imetoa jino. Jino nimerudisha. Nipishe barabara."

Akaniangalia. Akaiangalia ndege. Akainama, yeye mwenyewe na magoti yake yale, akaushika mguu akautikisa, akapitisha kidole kwenye mbavu, kwenye ule ukanda wako wa kaboni, mpaka kwenye boriti. Kisha akasimama akaipuliza filimbi, wifi, ile ndefu ya kuruhusu kupaa.

Nikajaza mafuta, nikakagua kila kitu, nikapaa tena na upepo uleule. Na nikatua. Magurudumu yote matatu, upande wa pili wa lile shimo, laini mpaka mtu wa pembeni yangu akauliza kama imeshafika chini. Uwanja ulilipuka! Yule kijana wa kliniki alinibeba. Mimi, na unene wangu huu!

Filimbi akachukua kipaza sauti. "Usione vyaelea," akasema, "vimeundwa. Hii imeundwa na nani?"

Nikasema, "Wifi yangu."

Uwanja mzima ukacheka. Unajua mtu akisema "wifi yangu" kwa kawaida anakunja mdomo. Basi nikaomba kipaza sauti nikarudia, taratibu, mdomo umenyooka: "Imeundwa na wifi yangu." Hawakucheka tena. Walipiga makofi, na makofi hayo ni yako, ndiyo maana nimeyaandika.

Mbayuwayu haifutwi. Filimbi anataka jeti zote za klabu zitolewe boliti za chuma kwenye miguu, na ameniomba nije kuwafundisha. Nimemwambia nusu ya mwalimu iko mlimani, wasubiri.

Ndani ya bahasha nimekuwekea boliti moja iliyokatika. Jino letu.

Wifi yako,
mwenye rimoti


14 Juni

Wifi,

Dereva wa lori alipiga honi tangu kwenye kona ya chini, maana kinyozi alishamsimulia. Barua nimeisoma jikoni, mbele ya kituo kizima, na nilipofika kwenye "nipishe barabara" mpishi akaangusha mwiko. Nilipofika kwenye kipaza sauti nikashindwa kuendelea, akamalizia mwenzangu wa zamu. Nimelia, sitaki kukudanganya, na hapakuwa na kitunguu.

Boliti nimeitoboa nikaitia kwenye mnyororo wa funguo. Wanaoniuliza nawaambia ni jino la ndege, kisha nawaambia habari yote, wapende wasipende.

Likizo yangu imekubaliwa, nashuka na lori lijalo. Usiguse ndege mpaka nifike. Usiongeze chochote. Mimi pia sitaongeza, na mdogo wako mfungie gundi kabatini.

Na kuhusu yale mapazia: ya kijani yalikuwa mazuri zaidi. Nimesema. Sirudii.

Wifi yako